Forodha ya Nchi Isiyojitawala

Mazungumzo baada ya habari, kwa wasikilizaji wa Jeshi na Polisi



Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kudhaniwa kuwa ni la mawaziri na makarani wa fedha, wala si la askari. Ni jambo la mamlaka ya kupatana biashara. Nchi iliyo chini ya utawala wa wageni yastahili kuachiwa uwezo gani wa kujadiliana na mataifa mengine juu ya mali yake, ushuru wake, na njia za kupitishia mizigo yake? Swali hili liliulizwa juu ya nchi yetu kwa muda wa miaka zaidi ya arobaini, likajibiwa na watu waliokaa Brussels, London, Geneva na New York, na mara chache sana na mtu aliyekaa hapa.

Askari ana sababu ya kulisikiliza. Sheria ya forodha huandikwa kwa kalamu, lakini hutimizwa penye kizuizi, na penye kizuizi pana askari. Anayesimama Gatumba usiku wa manane, au Kobero wakati malori ya kutoka Dar es Salaam yanapojipanga, hailindi kamba iliyofungwa baina ya miti miwili. Analinda uamuzi wa mtu fulani kwamba sukari hii italipiwa kiasi hiki na kitambaa kile kiasi kile. Ni haki yake kujua ni nani aliyeamua, na aliamua kwa faida ya nani.

Na tuanze na askari wenyewe. Mwezi Juni mwaka 1916 majeshi ya Kongo ya Kibelgiji, yaliyoitwa Force Publique, yaliingia Usumbura na Gitega yakiwafukuza Wajerumani. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo yakaingia Tabora. Waliopigana vita ile walikuwa Waafrika, na nyuma yao walitembea maelfu kwa maelfu ya wapagazi, wamejitwika risasi na unga, ambao wengi wao hawakuyaona tena makwao. Ushindi ule ulifanyiwa nini? Serikali ya Ubelgiji ya wakati huo haikuwa na haja kubwa ya milima hii. Ilikusudia kuishika kama rehani, ili Uingereza iwape Wareno fidia mahali pengine, Wareno nao waiachie Ubelgiji ukingo wa kusini wa mlango wa mto Kongo, ulioko Angola. Mpango ule haukufaulu, na ndiyo sababu Wabelgiji walibaki hapa. Askari aliyekufa njiani baina ya Usumbura na Tabora alikuwa amekufa kwa ajili ya kipande cha pwani ambacho hakupata kukiona, nacho kilikuwa umbali wa bara zima.

Basi kabla hatujasema neno juu ya uwezo wa koloni kufanya biashara, na tukumbuke kwamba nchi yenyewe ilikuwa ni bidhaa. Tarehe 30 Mei 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji waligawana: Rwanda na Burundi kwa Ubelgiji, sehemu nyingine kwa Uingereza. Gisaka, iliyo mashariki ya Rwanda, ikakatwa kwa sababu Waingereza waliitaka kwa njia ya reli, baadaye ikarudishwa. Bugufi ilibaki upande wa Tanganyika. Baada ya vita vya pili vya dunia Mwami Mwambutsa aliidai mbele ya Umoja wa Mataifa, wala haikurudi.

Kisheria, Ruanda-Urundi haikuwa koloni. Ilikuwa amana, iliyokabidhiwa Ubelgiji na Shirika la Mataifa ili ailee kwa faida ya wenyeji. Lakini hati ya amana ile ilikuwa na ibara ya kumi, na ibara hiyo ilimruhusu mlezi kuiunganisha nchi aliyokabidhiwa na koloni lake la jirani katika umoja wa forodha, wa fedha na wa utawala. Ubelgiji haikukawia. Kwa sheria ya tarehe 21 Agosti 1925, Ruanda-Urundi iliunganishwa na Kongo ya Kibelgiji. Gavana aliyekaa Usumbura akawa Makamu wa Gavana Mkuu wa Kongo. Ushuru wa Kongo ukawa ushuru wetu. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, hata benki iliyotoa noti iliitwa Benki Kuu ya Kongo ya Kibelgiji na ya Ruanda-Urundi.

Yafaa kukaa kidogo juu ya maana ya jambo hilo. Kongo ilikuwa nchi ya machimbo, yenye shaba ya Katanga, makampuni makubwa, na wafanya kazi wa mshahara waliohitaji kulishwa. Nchi yetu ilikuwa ya jembe na ng'ombe, iliyouza ngozi, na tangu miaka ya 1930 ikauza kahawa, baada ya serikali kuwalazimisha wakulima kuipanda. Nchi mbili zenye riziki tofauti hivi haziwezi kufaidika sawasawa kwa orodha moja ya ushuru. Kilichomfaa mwenye mgodi wa Katanga hakikuwa lazima kimfae mkulima wa Ngozi. Lakini hapakuwa na mtu wa Ngozi katika chumba ambamo orodha ile ilipangwa. Na mlezi, ambaye kwa mujibu wa hati angepaswa kumsemea, ndiye huyo huyo aliyemsemea mwenye mgodi.

Watetezi wa utaratibu ule wana hoja moja yenye nguvu, nasi hatutaificha. Husema kwamba koloni za bonde la Kongo zililindwa na mikataba ya dunia. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulikataza ushuru wa bidhaa ziingiazo. Tamko la Brussels la mwaka 1890 likaruhusu ushuru usiozidi sehemu kumi katika mia. Na mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa Septemba 1919 ukaziachia serikali kupanga ushuru zipendavyo, ila bila upendeleo: mali ya Mbelgiji isipate nafuu kuliko mali ya Mwingereza au ya Mjapani. Huo ndio ulioitwa mlango wazi. Nao haukuwa maneno matupu. Katika miaka ya 1930, wakati bei ya mazao ilipoanguka dunia nzima na mkulima hakuwa na kitu mkononi, vitambaa vya pamba kutoka Japani vilijaa masokoni mwa Afrika ya Mashariki na Kongo kwa bei ambayo viwanda vya Ulaya havikuweza kuishindania. Waingereza, katika makoloni yao yasiyofungwa na mikataba ile, waliweka vizuizi dhidi ya vitambaa hivyo tangu mwaka 1934. Huku hawakuweza. Akina mama wengi walijisitiri kwa kitambaa cha Kijapani kwa sababu ya sahihi zilizotiwa na wazee wa Ulaya ambao hawakuwa wakiwafikiria hata kidogo.

Twakiri basi kwamba yawezekana mtu akapata nafuu kwa mkataba asioujua. Lakini mlango ule uliachwa wazi kwa wauzaji wa nje tu, na mwenye nyumba hakupewa ufunguo. Hakuweza kuufunga hata siku ile ambayo angetaka kuanzisha kiwanda chake mwenyewe cha nguo na kukilinda mpaka kikomae. Na nafuu isiyotegemea kauli yako huondoka vilevile bila kukuuliza.

Tutazame kwa jirani. Tanganyika nayo ilikuwa amana, mikononi mwa Uingereza, nayo ilifungwa katika soko moja na Kenya na Uganda. Walowezi wa Kenya, waliokuwa na sauti katika baraza lao la sheria, walikuwa wamejipatia ushuru wa kulinda ngano yao, siagi yao na sukari. Mtu wa Tanganyika aliyenunua unga wa ngano wa Kenya alilipa bei iliyopandishwa na ushuru, na hazina ya Tanganyika haikupata chochote, maana bidhaa ya Kenya iliingia bila kutozwa. Mwaka 1932 Sir Sydney Armitage-Smith, mjumbe aliyetumwa na serikali ya London yenyewe kuchunguza fedha za Tanganyika, aliandika kwamba utaratibu huo waiumiza nchi ile. Huyo hakuwa mpinga ukoloni; alikuwa mtu wa hesabu. Taarifa yake ilisomwa, ikajadiliwa, na umoja wa forodha ukaendelea kama kawaida. Tanganyika haikuwa na mtu wa kuinuka mezani na kusema, "Sisi hatukubali."

Na sasa tufikie kisa ambacho chatugusa moja kwa moja, na ambacho twadhani kila ofisa anayesindikiza mizigo kutoka bandarini angefaa kukijua.

Tarehe 15 Machi 1921, mjini London, Uingereza na Ubelgiji zilitiliana sahihi mkataba juu ya njia ya kufikia bahari. Ubelgiji ilipewa viwanja viwili, kimoja bandarini Dar es Salaam na kimoja Kigoma, ambapo mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ingepakiwa na kupakuliwa, na kupita katika Tanganyika bila kutozwa ushuru. Kodi ya viwanja hivyo ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Muda wake ulikuwa ni milele. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Kahawa yetu ilipita hapo, na saruji, chumvi na nguo zilirudi kwa njia hiyo hiyo. Kwa nchi isiyo na pwani hicho hakikuwa kitu kidogo.

Tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Julius Nyerere alisimama katika Baraza la Taifa na kueleza kwamba serikali yake haitajiona imefungwa na ukodishaji ule. Hoja yake ilikuwa fupi, na mpaka leo twaiona haina jibu. Uingereza ilikuwa mlezi kwa muda. Na aliyepewa kitu kwa muda hana uwezo wa kumpa mtu mwingine kitu hicho milele. Mpangaji hauzi nyumba.

Ugumu wa kisa hiki, ndugu wasikilizaji, ni kwamba faida ilikuwa yetu. Mkataba ule wa kikoloni ulikuwa umeipatia Burundi mlango wa bahari kwa faranga moja. Kwa hiyo wakati Nyerere aliposema vile, Mrundi mwenye kufikiri alikuwa na haki ya kuingiwa na hofu. Hata hivyo twasema Nyerere alikuwa na haki, na Burundi ilikuwa na faida ya kukubali kwamba ana haki, hata kama jambo hilo lilikuwa chungu. Maana kama mlezi wa Tanganyika aliweza kutoa ardhi ya Tanganyika milele, basi na mlezi wa Burundi aliweza kutoa chochote cha Burundi milele. Hatuwezi kuishika kanuni kwa mkono mmoja na kuitupa kwa mwingine. Na katika matendo, njia haikufungwa. Mizigo ya Burundi, ya Rwanda na ya Kongo iliendelea kupita Kigoma na Dar es Salaam kwa miaka mingi, lakini sasa ilipita kwa mapatano ya nchi huru na nchi huru, ambayo yaweza kujadiliwa upya pande zote zikitaka.

Kulikuwa na sahihi nyingine kubwa zaidi. Tarehe 25 Machi 1957, mjini Roma, nchi sita za Ulaya zilianzisha Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Ndani ya mkataba ule mliwekwa sehemu ya nne, iliyohusu nchi za ng'ambo, na mwishoni orodha ya nchi hizo. Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi zimo. Zimo pia Togo na Kamerun zilizokuwa chini ya udhamini wa Ufaransa, na Somalia iliyokuwa chini ya udhamini wa Italia. Nchi zilizowekwa chini ya macho ya Umoja wa Mataifa ili ziandaliwe kujitawala zilitiwa katika soko la watu wengine miaka mitatu hadi mitano tu kabla ya kujitawala. Ni kama msimamizi wa yatima anayeharakisha kumwoza binti wiki moja kabla hajatimiza umri wa kusema ndiyo au la. Twaongeza kwamba pamoja na ndoa hiyo palikuwa na mahari: mfuko wa maendeleo wa fedha zaidi ya milioni 580 kwa hesabu ya Jumuiya, ulioruhusu barabara na hospitali kujengwa katika nchi nyingi. Mahari nzuri haiondoi swali la ridhaa.

Hapa wako watu wenye busara wanaouliza: je, nchi ndogo, yenye wasomi wachache, isiyo na wachumi wala mabalozi, ingeweza kujadiliana na nini? Si afadhali dola kubwa iizungumzie, kwa kuwa ndiyo yenye nguvu mezani? Hoja hiyo yafanana na ya mtu anayemfunga mwenzake miguu, kisha akamlaumu kwa kutojua kukimbia. Wachache wa wasomi wale hawakuwa wachache kwa bahati mbaya. Na zaidi ya hayo, dunia ilikuwa na mifano ya nchi zisizojitawala zilizojadiliana kwa jina lao wenyewe.

Hong Kong ni mfano ulio mashuhuri kuliko yote. Gavana wake aliteuliwa na London, na bendera iliyopepea ilikuwa ya Uingereza. Lakini katika mambo ya biashara mji ule ulijisemea. Mwaka 1959, viwanda vya nguo vya Lancashire vilipolalamika kwamba nguo za Hong Kong zinawaua, watengenezaji wa Hong Kong walipatana na wenzao wa Uingereza juu ya kiasi kitakachoingia. Koloni likabishana bei na nchi iliyolitawala, juu ya soko la nchi hiyo hiyo! Mwaka 1986 Hong Kong iliingia kwa jina lake katika Mapatano ya Jumla ya Ushuru na Biashara, yale yaitwayo GATT, kwa ibara inayoruhusu nchi ya forodha yenye uhuru kamili wa mambo yake ya biashara kuwa mwanachama, hata ikiwa si dola. Imerudi kwa China tangu mwaka 1997, na bado ina kiti chake katika Shirika la Biashara la Dunia. India nayo, muda mrefu kabla ya uhuru wake wa mwaka 1947, ilikuwa imekwisha kubaliwa kupanga ushuru wake, na Lancashire ilipolalamika haikusikilizwa kama zamani.

Lakini mfano mwingine watuzuia tusishangilie upesi. Rhodesia ya Kusini ilikuwa miongoni mwa wanachama 23 wa kwanza kabisa wa GATT. Nchi ile haikuwa dola huru, na bado ilitia sahihi yake pamoja na Marekani na Ufaransa. Nani aliyeishika kalamu? Serikali iliyochaguliwa na walowezi. Mwafrika aliyelima tumbaku katika shamba la mzungu hakupata kauli zaidi kwa sababu ushuru ulipangwa Salisbury badala ya London. Huenda alipata pungufu, maana mnyonyaji aliye karibu huona vizuri zaidi mahali pa kufinya. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba koloni fulani lilikuwa na uhuru mkubwa wa biashara, na tumwulize uhuru huo ulikuwa wa nani ndani ya koloni.

Hapa ndipo tunapomkumbuka Louis Rwagasore kwa upande wake usiotajwa sana. Kabla watu hawajamjua kama kiongozi wa chama, alikuwa mtu wa ushirika. Mwaka 1957 alianza kuwakusanya wafanya biashara na wakulima wa Burundi katika vyama vya ushirika, na wachuuzi waliozungumza Kiswahili wa Usumbura walikuwa miongoni mwa walioitikia. Alikuwa ameelewa kwamba mtu hauwezi kupatana bei na dunia ikiwa hata gunia la kahawa na bale la nguo haviko mikononi mwake. Utawala wa Kibelgiji haukupendezwa, nao ulikuwa na haki ya kutopendezwa kwa upande wao, kwani waliona vizuri kinachofuata: anayeuza kahawa yake mwenyewe leo atataka kupanga ushuru wake mwenyewe kesho. Tarehe 18 Septemba 1961 chama chake cha UPRONA kilipata viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba aliuawa.

Uhuru ulipokuja tarehe 1 Julai 1962, tulirithi nini katika jambo hili la biashara? Umoja na Kongo ulikuwa umekwisha katika machafuko ya mwaka 1960; ilibidi benki mpya ya noti ianzishwe haraka kwa Rwanda na Burundi. Mto Rusizi, ambao kwa ushuru ulikuwa kama haupo, ukawa mpaka. Mama aliyezoea kuvuka kwenda sokoni Uvira na kurudi akajikuta, bila kuhama mahali alipokaa, amekuwa mtu wa kupekuliwa. Na askari aliyempekua hakuwa amefundishwa kazi hiyo, maana haikuwako. Kisha kulikuwa na umoja wa uchumi na Rwanda, uliokubaliwa katika mkutano wa Addis Ababa mwaka 1962 chini ya macho ya Umoja wa Mataifa. Ulivunjika mwaka 1964, na mwaka huo ndipo Burundi ilipopata faranga yake. Tulijifunza kazi ya forodha, ya noti na ya mikataba kwa miaka miwili, kazi ambayo mlezi alikuwa na miaka zaidi ya arobaini ya kuifundisha. Mkataba wa udhamini wa Desemba 1946 ulimtaka awaendeleze wenyeji kuelekea kujitawala. Sijui mtu aandaliwe vipi kujitawala pasipo kupata hata siku moja kukaa mezani panapozungumzwa bei ya mali yake.

Tulijifunza pia kwamba kuwa na kalamu si kuwa na nguvu. Tarehe 20 Julai 1963 Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi 18 za Afrika na Bukini zilizotia sahihi mapatano ya Yaounde na Jumuiya ile ya Ulaya. Safari hii sahihi ilikuwa yetu. Hata hivyo mapatano yale yalizidai nchi za Afrika ziwape Wazungu nafuu ya ushuru katika masoko yao machanga, kama vile mizani ilikuwa sawa. Ilipasa kungoja Lomé, tarehe 28 Februari 1975, wakati nchi 46 za Afrika, Karibi na Pasifiki zilipokwenda mezani kwa pamoja, ndipo dai hilo likaondolewa. Tofauti kati ya Yaounde na Lomé kwa sehemu kubwa ilikuwa hesabu ya viti upande mmoja wa meza.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali tuliloanza nalo ni hili. Nchi isiyojitawala yastahili kupewa mamlaka yote ya biashara yake, mapema, tena kabla ya bendera, na yapewe wale wanaolima na kununua, si kundi dogo lililokaa katikati yao. Mlezi, akiwapo, na awe shahidi na mwalimu. Akilazimika kutia sahihi kwa niaba yao, sahihi hiyo na ife siku ulezi unapokwisha, isipokuwa wenyewe waitie upya. Na wakati wananchi hawana uwezo kabisa wa kusema, mali yao isiguswe. Umoja wa Mataifa ulilikubali jambo hilo kwa Namibia. Tarehe 27 Septemba 1974 Baraza lake la Namibia lilitoa amri kwamba hakuna mtu atakayechimba wala kusafirisha mali ya nchi ile bila idhini ya Baraza. Makampuni yalichimba urani ya Rössing hata hivyo, ni kweli, na serikali kadhaa za Magharibi zikajifanya hazikusikia. Lakini kila aliyenunua alijua tangu siku ile kwamba ananunua mali yenye mashitaka.

Wako watakaosema kwamba Burundi yenyewe imeitoa mamlaka hiyo kwa hiari. Tangu tarehe 1 Julai 2007 tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu Julai 2009 tumo katika umoja wake wa forodha. Ushuru wa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya haupangwi Bujumbura peke yake, na mwaka 2022 kiwango kipya cha sehemu 35 katika mia kiliongezwa kwa baadhi ya bidhaa kwa uamuzi wa pamoja. Basi je, hali hii yatofautiana nini na mwaka 1925? Yatofautiana kwa mambo mawili ambayo askari atayaelewa mara moja. Kwanza, tuliomba kuingia, na mwakilishi wetu yumo chumbani. Pili, tuna mlango wa kutokea. Umoja wa mwaka 1925 haukuwa na kimoja kati ya hivyo. Hii haina maana kwamba kila uamuzi wa Jumuiya watufaa. Nchi isiyo na pwani na yenye viwanda vichache yapaswa kukodoa macho daima, isije ikalipia ulinzi wa viwanda vya jirani kama Tanganyika ilivyolipia siagi ya walowezi. Kukodoa macho ndiko kazi ya wajumbe wetu, na kazi ya askari wa Kobero ni kuhakikisha kwamba kilichokubaliwa chumbani ndicho kinachotendeka kizuizini, si zaidi wala si pungufu.

Jambo lililo mbele yetu ni hili. Jumuiya yetu na Umoja wa Ulaya zilimaliza majadiliano juu ya mkataba wa ubia wa uchumi mwaka 2014. Kenya na Rwanda zilitia sahihi mwaka 2016; Tanzania ilikataa, ikihofia viwanda vyake. Burundi haikutia sahihi. Mkataba ule haukupata kuanza kwa Jumuiya nzima. Hatimaye Kenya ilipatana peke yake na Ulaya, ikatia sahihi mjini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, na mkataba wake ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2024. Umeachwa wazi kwa nchi nyingine za Jumuiya zitakazotaka kujiunga. Bidhaa zetu huingia Ulaya bila ushuru kwa nafuu ya nchi maskini kabisa, kwa hiyo hatuna sababu ya kukimbilia. Lakini hatuna pia sababu ya kukaa kimya, kwani nafuu hiyo hutolewa na Ulaya yenyewe na yaweza kubadilishwa na Ulaya yenyewe. Karatasi hizo zinasubiri kusomwa, ibara kwa ibara, na Warundi.